Mali ya Wasia na Thurea ya Mkubwa

Mwezi Juni 1829 alifariki katika mji wa Genoa Mwingereza mmoja, mtaalamu wa kemia na madini, aitwaye James Smithson. Hakuacha mke wala mtoto. Aliacha wasia kwamba mali yake imnufaishe mtoto wa nduguye, na iwapo kijana huyo atafariki bila ya kizazi, basi mali yote iende Marekani, ikaanzishwe mjini Washington taasisi yenye jina lake kwa ajili ya kuongeza elimu na kuieneza kwa watu. Marekani yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Mtoto wa nduguye akafariki mwaka 1835 bila mrithi, na mwaka 1838 zikapakiwa melini sarafu za dhahabu 104,960, zenye thamani iliyozidi dola 500,000, zikavuka bahari kwenda katika nchi ambayo mwenye mali hakuijua ila kwa kusikia.

Msomaji wa ukurasa huu hahitaji kuelezwa jambo hili linaitwaje. Ni wakfu. Sheria yake ni ya Kiingereza na mwenyewe hakulijua neno hilo, lakini nguzo zote zimo: mtu ametoa mali yake, ametaja kazi ya mali hiyo, kisha amekufa na kuwaachia wengine dhamana ya kuitekeleza. Aliyekufa hawezi kurudi kukagua. Ndiyo maana dhamana ya namna hii ni nzito kuliko deni la kawaida, kwani mwenye deni huja akabisha hodi, ilhali mwenye wakfu yumo kaburini na wanaofaidika nao ni umma usio na sura wala anwani.

Na mali hiyo ilianza kutikiswa mapema. Serikali ya Marekani ilizichukua fedha za Smithson ikazitia katika hati za mkopo za majimbo, nyingi zikiwa za jimbo la Arkansas, na Arkansas ikashindwa kulipa. Mzee John Quincy Adams, aliyekuwa Rais kisha akarudi Bungeni kama mbunge wa kawaida, alisimama kidete mwaka baada ya mwaka akidai fedha zile zirejeshwe kikamilifu, na akionya zisije zikawa chakula cha wenye njaa ya vyeo. Alifaulu. Sheria ya kuianzisha Taasisi ya Smithsonian ikapitishwa Agosti 1846. Katibu wake wa kwanza, mwanasayansi Joseph Henry, aliishi na familia yake ndani ya jengo lenyewe la taasisi, lile jengo jekundu liitwalo Kasri, hadi alipofariki mwaka 1878. Tunalitaja hilo kwa sababu suala la nyumba ya Katibu litarudi hapa chini katika sura nyingine kabisa.

Huenda yupo atakayeuliza: Washington na sisi wapi na wapi? Jawabu ni kwamba sehemu ya hazina ya taasisi hiyo imetoka kwetu. Mwezi Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka Ikulu ya Marekani, aliteremka bandarini Mombasa akiongoza msafara uliotumwa kwa jina la Smithsonian. Msafara huo, uliobebwa mabegani na wapagazi wa Kiafrika, ulipita nchi ya Kenya ya leo, Uganda, Kongo na Sudan, ukaondoka na vielelezo vya wanyama zaidi ya 11,000, kuanzia tembo na faru hadi panya na ndege wadogo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 2018, jumba la sanaa za Afrika la taasisi hiyo hiyo liliweka maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi, na baadhi ya vitu vilivyoonyeshwa viliazimwa kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kwa hiyo paa linapovuja kule, hatuwezi kusema kwamba mvua hiyo haituhusu.

Basi na tuingie katika mas'ala yenyewe.

Mwezi Januari 2000 taasisi hiyo ilipata Katibu mpya, wa 11 tangu kuanzishwa, Bwana Lawrence Small. Waliomtangulia walitoka zaidi katika elimu na utafiti. Yeye alitoka benki: miaka 27 katika Citibank, kisha akawa mkuu wa shughuli katika Fannie Mae, shirika kubwa la mikopo ya nyumba. Hoja ya waliomteua ilikuwa kwamba zama zimebadilika, kwamba taasisi imekuwa kubwa kama kampuni, na kampuni huhitaji mtu wa kampuni. Hoja hiyo peke yake si batili. Mtu wa benki anaweza kuwa mwaminifu, na msomi anaweza kuwa mbadhirifu. Ubaya ulianza pale alipoletwa mtu wa benki pamoja na desturi za benki, akazikalisha katika nyumba ya wasia.

Yafuatayo yamo katika taarifa za Mkaguzi Mkuu wa taasisi yenyewe, katika ripoti ya tume huru iliyoongozwa na Charles Bowsher na kutolewa Juni 2007, na katika magazeti ya Washington ya mwaka huo. Malipo ya Katibu kwa mwaka, yaani mshahara pamoja na posho ya nyumba, yalianza juu ya dola 500,000 mwaka 2000, yakapanda hadi dola 915,698 mwaka 2007. Wakati huo mshahara wa Rais wa Marekani ulikuwa dola 400,000. Jaji Mkuu wa nchi, ambaye kwa desturi ndiye mwenyekiti wa Baraza la Wadhamini wa taasisi hiyo, alikuwa akipata dola 212,100. Hebu tupige hesabu kidogo: mtumishi alikuwa akilipwa zaidi ya mara 4 ya yule anayekaa kitini kumsimamia.

Na huo ni mlango wa mbele tu. Wa nyuma ulikuwa posho ya nyumba. Bwana Small hakukaa katika Kasri kama Joseph Henry. Alikaa katika nyumba yake mwenyewe, aliyoimiliki kabla ya kazi hii, na taasisi ikamlipa kwa ajili ya kukaa ndani yake. Sababu iliyotolewa ni kwamba nyumba hiyo itatumika kuwakaribisha wafadhili. Katika muda wa miaka 6 posho hiyo ilifikia dola milioni 1.15. Ilikokotolewa vipi? Hapa ndipo msomaji atakapofumbua macho. Mapatano yaliruhusu taasisi kulipia nusu ya riba ya mkopo wa nyumba, na kama mkopo wenyewe haupo, basi nusu ya riba ya mkopo wa kudhaniwa. Tumezoea kusikia watu wakilia kwa kubebeshwa riba ya mkopo waliouchukua. Kulipwa fidia kwa riba ya mkopo usiokuwapo ni ugunduzi ambao hata wenye mabenki wa hapa kwetu hawajaufikia.

Orodha ya gharama zilizodaiwa kwa jina la nyumba hiyo inasomeka kama kejeli. Utunzaji na usafi wa nyumba, zaidi ya dola 270,000. Bwawa la kuogelea lililo uani, dola 12,000. Kusafisha thurea, dola 2,535. Sisi tunazijua thurea. Katika miskiti mingi ya mwambao ipo thurea iliyotolewa na mtu mwema, na inapoingia vumbi vijana wa mtaa hupanda ngazi na kitambaa, wakaishusha tone moja moja na kuirudisha kabla ya Magharibi. Thurea ya Katibu ilisafishwa kwa fedha za taasisi, ingawa ilikuwa yake, nyumbani kwake, juu ya meza yake.

Zaidi ya hayo, Mkaguzi alibaini matumizi ya takriban dola 90,000 yasiyokuwa na idhini ipasavyo, yakiwemo ndege ya kukodi, magari ya fahari, na zawadi za bei. Dola 160,000 zilikwisha tumika kuipamba ofisi yake mara tu alipoingia. Tume ya Bowsher nayo ikaeleza kwamba katika miaka yake 7 alikuwa akihudumu pia katika bodi za kampuni binafsi, na kazi hizo za nje zilimwingizia dola milioni 5.7. Ukijumlisha likizo na shughuli hizo, siku ambazo hakuwapo kazini zilikaribia 400. Naibu wake alimpita: hakuwapo kwa siku 550 hivi. Mwalimu wa shule ya msingi asiyefika darasani siku 400 huitwa mtoro, na jina lake hufutwa.

Sasa geuza uso utazame nyumba yenyewe iliyokuwa ikisimamiwa.

Wakati huo takriban asilimia 70 ya fedha za Smithsonian zilitoka katika kodi za wananchi. Kiingilio katika majumba yake ya Washington ni bure, na hilo ni jambo la kusifiwa: mtoto wa mfagiaji na mtoto wa waziri huingia kwa mlango mmoja. Lakini jengo lisilotoza kiingilio linahitaji paa sawa na lile linalotoza. Mwaka 2005 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa kwamba ukarabati uliohitajika katika majengo ya taasisi ungegharimu dola bilioni 2.3 katika muda wa miaka 9. Walipokagua tena mwaka 2007 makadirio yalikuwa yamefika bilioni 2.5. Jumba la Sanaa na Viwanda, lililofunguliwa mwaka 1881 na ambalo ni miongoni mwa majengo ya kale zaidi ya taasisi hiyo, lilifungwa kwa umma mwaka 2004 kwa sababu ya hali ya paa lake. Katika ghala moja la jumba la ndege, maji ya mvua yaliacha madoa katika ndege isiyo na injini ya Otto Lilienthal ya mwaka 1894, chombo ambacho wanahistoria wa usafiri wa anga hukitazama kwa heshima. Katika bustani ya wanyama, mabwawa ya simba wa baharini yalivuja hata ikabidi kutiwa galoni 110,000 za maji kila siku, kwa gharama iliyokaribia dola 300,000 kwa mwaka. Walinzi wa majumba walipunguzwa, na baadhi ya kumbi zikabaki na macho machache ya kuzilinda.

Bwawa la Katibu lilipata mafundi kwa wakati.

Insafu inatudai tuseme na upande wa pili. Wakati wa Bwana Small yalifunguliwa majumba mapya: kituo kikubwa cha ndege jimboni Virginia mwaka 2003, na Jumba la Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili wa Marekani, mwaka 2004. Yeye mwenyewe ni miongoni mwa waliolilia fedha za ukarabati mbele ya Bunge. Hatukatai. Lakini ni huyo huyo ambaye mwaka 2001, kwa hoja ya kubana matumizi, alipendekeza kufungwa kwa kituo cha utafiti na uzalishaji wa wanyama walio hatarini kutoweka kilichopo Front Royal, Virginia. Wanasayansi waliinuka, wabunge wakaingilia, na mpango ukaondolewa baada ya muda mfupi. Tunachotaka msomaji akizingatie ni utaratibu wa fikra. Ilipohitajika kubana, mkono ulielekea kwa watafiti waliokuwa wakiokoa wanyama wasitoweke. Haukuelekea kwenye fungu la nyumba. Tangu lini kubana matumizi kukaanzia kwa mdogo?

(Na kwa kuwa tumetaja wanyama: mwezi Januari 2004 Katibu huyo huyo, msimamizi wa jumba kubwa la viumbe asilia la taifa zima, alikiri mahakamani kosa la kumiliki, katika mkusanyiko wake binafsi wa vitu vya Amazoni, manyoya ya ndege wanaolindwa na sheria. Alipewa miaka 2 ya uangalizi na saa 100 za kazi za kijamii. Wadhamini walimwacha kazini. Kama hapo hawakushtuka, tusishangae kwamba hawakushtushwa na bwawa.)

Wapo waliomtetea, na utetezi wao hautuishii Washington. Tunausikia kila siku katika mashirika ya umma, katika vyama vya ushirika, na tuseme kweli, hata katika kamati zinazoshika nyumba na maduka ya wakfu. Kwa hiyo shubha zao zinastahili kujibiwa.

Kubwa kuliko zote ni shubha ya soko. Husemwa kwamba ukitaka mtu mwenye uwezo lazima umlipe kama anavyolipwa katika kampuni, la sivyo utapata dhaifu. Tuwaulize wenye hoja hii: mtu wa kampuni hulipwa fedha nyingi kwa kitu gani? Wao wenyewe husema ni kwa matokeo na kwa hatari anayoibeba. Sawa. Katika taasisi hii hatari iko wapi? Sehemu kubwa ya fedha hutoka serikalini kila mwaka, awe Katibu ni hodari au si hodari. Mtaji si wake. Hasara si yake. Akishindwa, hakuna hisa zake zitakazoshuka. Na matokeo? Paa lilivuja alipoingia, na likavuja alipotoka, na bei ya kuliziba ikawa imepanda. Mtu hawezi kushika soko kwa mkono wa kupokea, kisha akaliachia kwa mkono wa kuwajibika. Tena, kama soko ndilo lililokuwa kipimo, kwa nini soko hilo hilo halikutumika kwa mlinzi wa ukumbini, kwa mtafiti wa Front Royal, kwa fundi wa mabomba katika bustani ya wanyama? Hao waliambiwa kwamba hii ni kazi ya kulitumikia taifa. Heshima ya kutumikia wakapewa wa chini, na fedha za soko zikapelekwa juu.

Shubha nyingine ni kwamba fedha hizi ni kidogo. Taasisi inatumia mamia ya milioni kwa mwaka, wanasema, sasa dola 2,535 za thurea ni nini? Hoja hii ina sura ya hesabu lakini ndani yake hamna hesabu. Mwezi Machi 2007, kwa hamasa ya Seneta Charles Grassley wa Iowa ambaye hakuchoka kudai nyaraka, Seneti ya Marekani ilipiga kura kuzuia nyongeza ya dola milioni 17 iliyopendekezwa kwa Smithsonian, na kutaka mishahara ya wakuu wake isizidi ule wa Rais. Basi tuweke vyote viwili katika mizani. Bwawa, thurea, ndege ya kukodi na ofisi iliyopambwa upande mmoja, na upande wa pili dola milioni 17 ambazo zingekwenda katika nyumba inayovuja. Seneta hawezi kumwendea mkulima wa Iowa akamwambia atoe kodi zaidi ili paa lizibwe, ilhali mkulima huyo amesoma gazetini habari za riba ya mkopo wa kudhaniwa. Mali ya umma huishi kwa imani ya umma. Dola 2,535 ziliposafisha thurea, zilichafua kitu ambacho hakuna fundi anayeweza kukisafisha kwa bei hiyo.

Kisha ipo shubha ya idhini, na hii ndiyo ya hatari zaidi kwa kuwa huvaa joho la sheria. Husemwa: Wadhamini walijua, Wadhamini waliridhia, hakuna aliyeiba. Ni kweli kwamba hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa mshahara wala kwa posho. Lakini tazama idhini yenyewe ilivyopatikana. Baraza lina watu 17: Jaji Mkuu, Makamu wa Rais, maseneta 3, wabunge 3, na raia 9. Ni majina makubwa, watu wenye shughuli kubwa kwingineko, waliokutana mara chache tu kwa mwaka. Mambo ya malipo yaliachiwa kamati ndogo ya watu wachache, na tume ya Bowsher ilikuta kwamba wajumbe wengi hawakuelezwa undani wake. Kuhusu posho ya nyumba, tume hiyo ilifikia hitimisho kwamba haikuwa gharama ya kukaribisha wageni hata kidogo. Ilikuwa ni mshahara wa ziada uliovishwa nguo nyingine ili jumla isionekane. Na pale Mkaguzi alipofichua matumizi yasiyo na idhini, jibu la kwanza la Wadhamini halikuwa kuyahoji. Liliyakubali, na kuyahalalisha baada ya kutendeka.

Idhini ya baada ya tendo si idhini. Mlinzi wa ghala anayemkuta mtu ametoka na gunia, kisha akamwandikia kibali chenye tarehe ya jana, hajamsafisha mchukuzi. Amejiongeza mwenyewe katika kosa. Na idhini ya wachache waliowaficha wenzao si idhini ya baraza. Mimi binafsi nawaona Wadhamini hao kuwa na lawama kubwa kuliko Katibu. Yeye aliomba, na tabia ya mwanadamu ni kuomba zaidi. Wao ndio waliokabidhiwa funguo wakaambiwa wasifungue ila kwa haki. Kuweka majina makubwa katika orodha ya wadhamini ni maradhi ambayo sisi pia tunayo: humchagua mtu kwa umaarufu wake, kwa gari lake, kwa cheo chake serikalini, halafu tukashangaa kwamba hana muda wa kufungua daftari. Jina kubwa hupamba karatasi ya barua. Daftari linataka mtu wa kulisoma, tena asiyeona haya kuuliza mbele ya watu: posho hii ni ya nini?

Wapo pia waliosema kwamba lawama zote zilitokana na siasa na husuda ya magazeti. Hatutapoteza wino hapo. Risiti haina chama.

Lililo muhimu kulielewa ni namna mchezo huu unavyochezwa, kwa sababu kanuni zake hazibadiliki ukivuka bahari. Mshahara huonekana, basi huachwa katika kiwango kinachostahimilika machoni. Kinachokua ni posho. Posho huandikwa kwa jina la kazi: ya nyumba kwa ajili ya wageni, ya gari kwa ajili ya ziara, ya simu kwa ajili ya mawasiliano. Kila moja ina sababu, na kila sababu ukiisikia peke yake inaingia akilini. Hujumlishwi ukaambiwa jumla. Ndiyo maana ilichukua miaka 7, Mkaguzi mmoja mkaidi, gazeti moja na seneta mmoja hadi Wamarekani wakaijua tarakimu ile ya dola 915,698, ilhali kila senti yake ilikuwa imeandikwa mahali fulani tangu mwanzo. Haikufichwa chini ya ardhi. Ilitawanywa katika safu nyingi za daftari hata jicho likashindwa kuikusanya.

Bwana Small alijiuzulu, na habari ikatangazwa tarehe 26 Machi 2007, siku chache tu baada ya kura ya Seneti. Mwaka huo huo mkuu wa kitengo cha biashara cha taasisi naye aliondoka, gharama zake zikiwa zimekaguliwa. Wadhamini, ambao muda mfupi kabla ya hapo walikuwa wakimtetea, waliunda kamati ya kutazama utawala wao wenyewe, ikaja na mapendekezo 25, na mengi yakatekelezwa: mambo ya malipo yafike mbele ya baraza zima, safari zifuate kanuni za serikali, Katibu asile mshahara wa bodi za nje. Kwa hili tunawapa haki yao. Wangeweza kuyafanya yote hayo mwaka 2000 bila ya fedheha, kwani hakuna hata moja kati yake linalohitaji akili ya pekee.

Mwezi Julai 2008 akaingia Katibu mpya, Bwana Wayne Clough, mhandisi aliyetoka kuongoza chuo kikuu cha ufundi huko Georgia. Hakupewa posho ya nyumba. Mshahara wake ukawekwa dola 490,000, hesabu moja, iliyotangazwa wazi, ambayo mtoto wa shule anaweza kuisoma. Ni karibu nusu ya ule wa mtangulizi wake, na waliotoa hoja ya soko hawakueleza ilikuwaje akapatikana mtu mwenye sifa kwa bei hiyo. Hata hivyo dola 490,000 zilikuwa bado juu ya mshahara wa Rais, juu ya kiwango ambacho Seneti ilikuwa imekitaka mwaka mmoja tu uliopita, na zilitolewa katika taasisi ambayo bado ilikuwa ikidaiwa mabilioni ya ukarabati. Jumba la Sanaa na Viwanda lilibaki limefungwa. Lilipofunguliwa tena kwa maonyesho ya muda, Novemba 2021, ilikuwa imepita miaka 17, na mtoto aliyezaliwa siku lilipofungwa alikuwa anakaribia kumaliza sekondari bila kuwahi kuingia katika mlango wa nyumba aliyousiwa na Smithson.